Mkaja Juu ya Mshono

Kariakoo, Dar es Salaam
Jumatano, 6 Mei 1936

Kwa Shangazi Zamda,

Shikamoo, Shangazi. Natumaini barua hii itakukuta mzima na wodi yenu imetulia. Mimi sijambo. Mtoto naye hajambo, ananyonya na kulia kwa zamu. Aliye na jambo ni Mama, na ndiyo sababu nakuandikia bila ruhusa ya mtu.

Najua tangu ulipokwenda Unguja kusomea ukunga wa hospitali jina lako halitajwi hapa nyumbani. Bibi akilazimika kukutaja husema "yule wa hospitali". Wakati ule nilikuwa na miaka kumi na miwili. Sasa ninayo kumi na mitano, na Baba yuko kazini kwenye treni ya Kigoma, hatarudi kabla ya wiki mbili. Ndani ya nyumba hii hakuna mwingine anayejua kuandika.

Jana ilikuwa siku ya saba tangu daktari ampasue Mama na kumtoa mtoto. Wewe ulikuwapo. Mama ameniambia ulimshika mkono mpaka dawa ya usingizi ikamchukua. Jana hiyo hiyo Bibi alikuja na rikisho akamtoa. Alisema mtoto wa nyumba yetu hunyolewa nywele siku ya saba chini ya paa letu, na mzazi wa nyumba yetu hukandwa na mkono wetu. Sista, mkuu wa wodi, akasema nyuzi bado hazijatolewa. Bibi akamjibu, "Mmemshona kama gunia la mbaazi. Sasa niachieni nimrudishie tumbo lake." Sista akaandika kwamba mgonjwa ameondoka kwa hiari yake, Mama akatia dole gumba.

Jana jioni Bibi alimkanda kwa maji ya mwarobaini, yale yanayotoka jikoni yakitokota. Leo asubuhi akarudia. Wewe unaijua mikono ya Bibi, nusu ya wanawake wa Kariakoo wamepita humo na wanaisifu. Kisha akamfunga mkaja, yadi nne za bafta, juu ya bandeji ya hospitali, akaukaza kwa goti. Mama hakulia, aliuma upindo wa kanga. Lakini nilipompelekea uji nilimkuta anatetemeka, meno yanagongana, na huku mtaa mzima unatoka jasho.

Kitabu chetu cha afya cha shuleni nimekisoma mara mbili. Kinaeleza vyoo na mbu. Hakisemi neno juu ya mwanamke aliyepasuliwa. Je, naye hukandwa? Mkaja hufungwa juu ya mshono?

Mpishi wenu, Mzee Tarsis, hununua mchicha sokoni kila asubuhi nikienda shule. Leo nilisimama nyuma yake nikashindwa hata kumsalimia, mpaka akageuka. "Binti, wewe ni kivuli changu au unataka mchicha?" Amekubali kuchukua barua asubuhi na kuniletea majibu jioni akirudi kwake.

Mimi mwanao,
Zena


Hospitali, wodi ya wazazi
Alhamisi, 7 Mei 1936, adhuhuri

Mwanangu Zena,

Marahaba. Mimi mzima, alhamdulillahi. Miaka mitatu nimetamani kuona mwandiko wako, ila sikuomba niuone kwa habari hii. Nisamehe nikifupisha, naandika huku sahani ya chakula inanitazama.

Mkaja ufunguliwe leo. Asikandwe tena, si kwa maji ya moto wala ya vuguvugu. Aliyezaa kwa njia ya kawaida tumbo lake ni zima, limelegea tu. La mama yako limekatwa ngozi, nyama, na mji wa mimba wenyewe, na yote hayo yameshikwa na uzi. Ukilikanda, yanafumuka ndani kabla ya nje. Ukilifunga kwa nguo, unajiziba macho usione yanavyofumuka.

Kisha arudishwe hapa. Kutetemeka siku ya nane si baridi.

Utaniuliza kwa nini nisije mwenyewe. Ukutani hapa pana karatasi ya kanuni zetu, naijua kama Alhamdu. Muuguzi anapima joto, anahesabu mapigo, anaosha, anabadili vitambaa, analisha, anatazama, anasema na kuandika. Hakati. Hatoi uzi. Hampi mtu dawa ambayo daktari hakuiandika. Na hamfuati nyumbani mgonjwa aliyeondoka bila idhini. Nikivunja hilo nitafukuzwa, na wodi hii ina wakunga wa kwetu wawili tu, mimi na Winifrida. Tena ukumbuke, mlango wa nyumba hiyo alinifungia mama yangu kwa mkono wake.

Lakini kutazama hakujakatazwa mtu, na wewe una macho. Tafuta saa. Shika kifundo cha mkono wa mama yako chini ya dole gumba, hesabu mapigo kwa dakika nzima, mara mbili kwa siku. Yakipita mia na kumi, usisubiri kitu. Nusa kitambaa cha mshono. Tazama kama damu inayomtoka inapungua au inazidi, na kama ina harufu. Uliza kama anakojoa. Andika ulivyoona. Usipunguze ili kunifariji.

Na Bibi msomee barua hii yote, hata pale atakapokasirika.

Shangazi yako,
Zamda


Kariakoo
Ijumaa, 8 Mei 1936, alfajiri

Kwa Shangazi Zamda,

Shikamoo. Naomba Mungu uwe umeamka salama. Naanza na kosa langu, kwa sababu nikiliweka mwisho sitaliandika.

Barua yako sikumsomea Bibi. Jana jioni Mzee Tarsis alipoileta, Bibi alikuwa barazani na wanawake wanne waliokuja kumwona mtoto. Akaniuliza karatasi ya nani. Nikasema ni ya mwalimu, ya salamu. Akasema, "Mwambie mwalimu wako tumezipokea," wote wakacheka, nami nikaingia ndani. Baada ya Magharibi akamkanda Mama tena. Nilikuwa mlangoni na barua yako kifuani, Shangazi, nikasikia sauti ya Mama ambayo sijawahi kuisikia, na nikanyamaza.

Saa niliipata kwa Mbaruk mwenye duka. Nilizunguka dukani kwake mara tatu ndipo nikaweza kusema nataka kuazima saa yake ya kengele. "Shule imeanza kufundisha wasichana kuuza saa?" Nikamwambia ni ya kuhesabu mapigo ya Mama. Akaacha utani, akaifuta vumbi kwa shati lake, akanipa.

Jana jioni kabla ya kukandwa, mapigo mia na kumi na mbili. Leo alfajiri, mia na ishirini na nne. Nimehesabu mara mbili nikidhani nimekosea.

Bibi alipokwenda kutawadha nililegeza mkaja. Kitambaa cha hospitali kimelowa, rangi ya njano iliyochanganyika na damu. Harufu yake ni ya maji ya maua yaliyosahauliwa kwenye glasi. Upande wa kushoto wa mshono pamevimba, pekundu, pamevutika mpaka panang'aa, na ukipakaribia tu unasikia joto. Damu ya uzazi ni kidogo, ila nayo inanuka. Anakojoa mara moja tu kwa siku na mkojo ni mweusi kama chai. Mtoto bado ananyonya, lakini Mama hamtazami akinyonya. Anatazama dari.

Kitabu cha afya kinasema jipu likiiva litumbuliwe ili uchafu utoke. Nina wembe mpya wa Baba na sindano, nimevichemsha vyote. Uzi mmoja upande ule umezama kwenye uvimbe, nikiukata nafikiri usaha utatoka. Mkono wangu hautetemeki nikishika vitu vidogo, mwalimu wa ushonaji ananisifu. Niambie ndiyo, Shangazi. Ukisema ndiyo nitafanya leo jioni Bibi akiwa msibani mtaa wa Gerezani.

Zena mwanao


Hospitali
Ijumaa, 8 Mei 1936, alasiri

Zena,

Salamu nitakupa siku nyingine. Wembe wa baba yako urudishe mahali pake. Sindano irudi kwenye mkebe. Usithubutu.

Sikiliza kwa nini, maana wewe si mtu wa kukatazwa bila sababu. Tulipokuwa Unguja tulikuwa na mwenzetu, Severine, mwenye mikono mizuri kuliko sisi sote. Aliona mshono wa mama mmoja umevimba vivyo hivyo. Daktari amechelewa, mama analia, Severine akamhurumia akakata uzi mmoja. Usaha ulitoka kweli, mama akashukuru kweli. Kisha akakohoa. Kumbe chini ya ngozi hapakuwa pameshikana hata kidogo, na tumbo lote likafunguka. Nilishika beseni siku ile, kwa hiyo ninalokuambia sikulisoma. Mwenye kufungua lazima awe mwenye kujua jipu limeishia wapi, na awe na cha kufanya akikuta limekwenda ndani. Mimi sijui. Nimekaa miaka mitatu na sijui. Wewe una kitabu cha mbu.

Najua unawaza kwamba shangazi yako anajificha nyuma ya karatasi. Nimewaza hivyo mimi mwenyewe asubuhi hii.

Daktari wetu amekwenda Mafia kwa kazi, atarudi Jumatatu. Nimemwambia Sista juu ya mama yako, mara moja asubuhi na mara moja baada ya chakula. Amesema mgonjwa aliyeondoka mwenyewe atapokewa kama wengine, Jumatatu, foleni ya wagonjwa wa nje. Pamoja na hayo mleteni. Akishakuwa mlangoni ni tofauti na akiwa kwenye barua.

Juu ya kosa lako. Umeliandika mwanzo wa barua, basi limekwisha kwangu. Lakini leo utasoma. Hapa chini nimemwandikia Bibi maneno machache, msomee neno kwa neno. Hata kama kuna watu barazani.

"Mama, shikamoo. Ni mimi Zamda. Sikuandikii kukufundisha kazi. Mikono yako ndiyo iliyonilea mimi na kaka yangu, ndiyo iliyompokea Zena. Nina swali moja tu, la mkunga kwa mkunga. Katika wanawake wote uliowakanda, umewahi kumkanda aliyepasuliwa tumbo, na aliyekufundisha alikufundisha anakandwaje? Kama ndiyo, mimi ninyamaze. Kama siyo, fungua mkaja utazame."

Shangazi yako


Kariakoo
Jumamosi, 9 Mei 1936, asubuhi

Shangazi,

Shikamoo. Naandika nimesimama, karatasi iko juu ya mtungi. Mapigo ya alfajiri hii ni mia na thelathini na sita.

Nimesoma. Jana Bibi alichelewa msibani na aliporudi alilala kwa kuumwa kichwa, ndiyo maana nimesoma leo baada ya swala. Maji ya kukandia yalikuwa tayari kwenye karai, ameshakunja mikono ya gauni. Nikasimama kwenye kizingiti, nikasoma kwa sauti ile tunayosomea mbele ya darasa, kwa sababu sijui nyingine. Barua yako ya kwanza nikaisoma yote. Kisha nikasoma yaliyo yake.

Nilipofika "Ni mimi Zamda" akaweka taulo chini. Nilipomaliza akaniambia nirudie lile swali. Nikarudia.

"Kakuagiza uniulize hivyo mbele ya mkwe wangu?"

"Amesema neno kwa neno, Bibi."

Akakaa kwenye kigoda. Nilidhani atanifukuza. Alitazama mikono yake, akaigeuza, kama mtu anayetafuta mwiba. "Aliyenifundisha mimi," akasema, "alinifundisha aliyetanguliza makalio, na pacha, na kondo lililogoma. La kisu hakunifundisha. Hakuliona." Akalisukuma karai kando kwa mguu. "Sijawahi, Zena. Sijawahi hata mmoja."

Mama akasema kitandani, kwa sauti ndogo sana, "Mama, fungua." Ndilo neno lake la kwanza tangu juzi.

Bibi akafungua mkaja mwenyewe, mzunguko baada ya mzunguko. Wa mwisho ulikuwa umeganda. Alipouona mshono aliita jina la Mungu mara moja tu. Akaufunika kwa kitambaa safi bila kuukandamiza, akamwaga maji yote ya karai uani. "Hapa mkono wangu umefika ukingoni," akasema. "Nenda kamwite Mbaruk alete watu wa machela."

Sasa wanamweka kwenye machela. Bibi anakuja, na mimi na mtoto. Nampa Mzee Tarsis barua hii akimbie nayo mbele, ameacha hata mchicha wake kwenye meza ya muuzaji sokoni. Tutapita Mnazi Mmoja. Tafadhali uwe mlangoni, kwa sababu mimi mbele ya Sista sitaweza kusema kitu.

Zena


Hospitali, chumba cha mashuka
Jumamosi, 9 Mei 1936, alasiri

Mwanangu Zena,

Natumaini mmefika nyumbani na mtoto salama. Nilikuona ulivyogeuka nyuma mara ngapi pale getini. Amri ya kutolaza kitoto na mama mwenye homa si ya Sista peke yake, hata mimi ningeitoa.

Ulipoondoka mambo yalikuwa hivi, nakuandikia yote kwa kuwa wewe ndiwe uliyeandika yote.

Tulimlaza kwenye kona. Nilifanya yaliyo yangu. Nilimpima joto, digrii mia na nne za Farenhaiti. Nilimwinua mabega ili uchafu wa uzazi upate kushuka. Nilimwosha, nikamwekea kitambaa cha maji ya chumvi, nikamnywesha kijiko kwa kijiko. Nikahesabu mapigo kila robo saa na kuandika. Nikaenda kwa Sista mara ya tatu, nikamwomba amwite daktari Mhindi anayeshika nafasi mjini daktari wetu akisafiri. Akasema hatamsumbua mtu Jumamosi kwa ajili ya mgonjwa aliyetoroka. Jumatatu.

Niliporudi Bibi alikuwa amesimama kichwani pa kitanda. Maneno ya kwanza aliyoniambia baada ya miaka mitatu ni haya: "Kata."

"Mama, kisu si changu."

"Nimeona mikasi mfukoni mwako. Kata, mtoto wa watu anaoza!"

"Hiyo ni ya vitambaa."

"Basi miaka yote ile ulisomea nini?"

Nikamwambia nilisomea kujua pa kuishia. Alinitazama jicho lile ulijualo. Nilingoja tusi. Badala yake akauliza, "Na kabla ya hapo pa kuishia, pamebaki nini hujafanya?"

Zena, lilinichoma, kwa sababu lilikuwa swali la haki. Nikafikiria ile karatasi ya ukutani. Muuguzi anatazama, anasema, anaandika. Haikusema aseme mara tatu tu. Haikusema aseme kwa Sista tu.

Simu iko chumba cha karani na wauguzi hatuigusi. Nilimwachia Bibi beseni na kitambaa nikamwonyesha namna, akakaa chini kama mwanafunzi. Nikaenda, nikamwomba karani aniunganishie nyumbani kwa yule daktari. Karani alikataa, kisha akatazama uso wangu akazungusha ile mashine. Daktari akauliza kwa ukali nani amenituma. Nikasema hakuna. Akauliza homa tangu lini. Nikatoa barua zako, nikamsomea: Alhamisi mia na kumi na mbili, Ijumaa mia na ishirini na nne, leo mia na thelathini na sita. Uvimbe kushoto, unang'aa. Mkojo kama chai. Akauliza, "Nani amehesabu?" Nikasema mtoto wa mgonjwa, kwa saa ya dukani. Akasema, "Chemsheni vyombo, ninakuja."

Amekuja na viatu vya tenisi. Wamemwingiza mama yako chumba cha upasuaji sasa hivi. Alipopewa dawa ya usingizi alikuwa ananiita mimi Zena.

Sista ameniambia nivue aproni, nikabidhi funguo, nisiingie wodini mpaka niitwe. Winifrida ndiye aliye ndani na daktari. Mimi niko hapa kwenye mashuka, nasikia vyombo vinagonga sinia na siwezi kujua vinagonga kwa heri au kwa shari. Namwahi Mzee Tarsis kabla hajaondoka.

Sina la kukuahidi. Ningekuwa nalo ningekupa.

Shangazi yako


Kariakoo
Jumatatu, 11 Mei 1936, asubuhi

Kwa Shangazi Zamda,

Shikamoo, Shangazi. Sijui kama upo mahali pa kupokea barua hii. Nakuombea uzima popote ulipo, na kwa Mama naomba mpaka maneno yamekwisha.

Jana nilikuja na mtoto. Askari wa getini alisema saa ya kutazama wagonjwa imepita, na kitoto hakiingii. Nikamuuliza habari za mgonjwa wa kona. Akasema yeye anajua habari za geti. Nilikaa chini ya ukuta mpaka jua likanifikia. Bibi hakutoka. Wewe hukutoka.

Leo sokoni Mzee Tarsis hakuja. Amekuja kijana anaitwa Onesphory, anasema Tarsis ana homa. Nikamshika kikapu, mimi, Shangazi, nilimshika mtu nisiyemjua kikapu chake mbele ya soko zima. Nikamuuliza kama kuna mwanamke aliyekufa wodi ya wazazi. "Mimi mtu wa jikoni, dada. Nahesabu sahani." Nikamuuliza basi, sahani zimepungua? Akafikiri. Akasema moja imepungua tangu Jumamosi, ila hajui ya nani, labda mtu ameruhusiwa kwenda kwao.

Sahani moja. Nimekwenda nayo kichwani darasani, nimerudi nayo. Mwalimu amenirudisha nyumbani.

Kuna jambo nimelifanya bila kuuliza mtu mzima, nalo nataka ulijue. Jumamosi usiku na Jumapili nilimpa mtoto maji ya sukari kwa kitambaa. Jana mchana alilia mpaka sauti ikakauka, utosi ukaanza kubonyea. Azza, mke wa Mbaruk, ana binti wa miezi miwili. Alisimama mlangoni akasema, "Zena, ziwa ninalo. Lakini unajua maana yake." Najua. Walionyonya ziwa moja ni ndugu, hawaoani mpaka kufa, na kuamua undugu wa namna hiyo ni kwa baba, au kwa bibi. Si kwa mtoto wa shule. Baba yuko Kigoma. Bibi yuko ndani ya geti lenu.

Nikampa. Alinyonya mpaka jasho likamtoka puani, akalala na mkono wake umeshika kidole cha Azza. Nilikaa mbele yao nikalia kwa mara ya kwanza tangu Jumatano. Sijui kama nililia kwa kosa au kwa nafuu. Kama Mama yuko hai, mwombe anisamehe. Kama hayuko, usiniandikie. Njoo useme kwa mdomo.

Barua hii naileta mwenyewe getini.

Zena


Hospitali, benchi la nje
Jumatatu, 11 Mei 1936, alasiri

Mwanangu Zena,

Marahaba, marahaba. Askari ameniletea barua yako akisema, "Yule msichana asiyesema leo amenipigia kelele." Kaa chini ndipo usome.

Yuko hai.

Nisamehe siku mbili za kimya. Sikuwa na cha kuandika ambacho kingekaa kweli mpaka jioni. Daktari aliufungua mshono upande wa kushoto, ukatoka usaha wa kujaa bakuli, ameacha mrija mdogo wa mpira ndani ili uendelee kutoka. Usaha ulikuwa umeanza kwenda ndani ya tumbo, lakini haujafika pale alipopaogopa. Jumamosi mapigo yalifika mia na arobaini na nane, Winifrida akaja mlangoni akatikisa kichwa. Bibi akasema, "Usinitikisie kichwa, nihesabie." Basi Winifrida akawa anakuja dirishani kila nusu saa kutupa hesabu. Jana jioni mia na ishirini. Leo adhuhuri mia na nne. Sahani iliyopungua ni yake, hajaanza kula, anakunywa tu.

Daktari wetu amerudi kutoka Mafia asubuhi. Amemtazama mama yako, amesoma karatasi zote, na ameniita kesho saa nne mbele yake na Sista. Kwa ajili ya ile simu niliyopiga. Anaweza kunirudishia aproni, anaweza kunifukuza na kunipandisha meli ya Unguja. Nimemwuliza Winifrida anaonaje, akasema "Vaa viatu vizuri." Bibi anasema naye atakuja kusimama nami. Nimemwambia hawatamruhusu. Amesema hata huko nyuma hakuna aliyemruhusu kuingia chumba chochote alichozalishia watu.

Ya Azza nimemsomea Bibi. Akataka kujua huyo binti wa Mbaruk anaitwa nani. Nikamwambia sijui. "Basi mwambie Zena atuletee jina," akasema, "mtu lazima amjue mjukuu wake."

Na mama yako. Alipofumbua macho sawasawa leo, hakuuliza yuko wapi wala amefanywa nini. Ameuliza, "Nani anamnyonyesha?" Maziwa yamemjaa mpaka kanga imelowa na anaumia. Daktari amesema mtoto aletwe, homa imeshuka kiasi cha kutosha.

Mlete sasa hivi. Mfunike kichwa, kuna upepo kule Mnazi Mmoja. Ukifika usimwulize mtu yuko wapi muuguzi Zamda, kwa leo hayupo. Sisi tuko upande wa kulia wa mlango, kwenye benchi la ndugu wa wagonjwa, mimi na mama yangu. Tumekaa hapa tangu Jumamosi tukingoja kuitwa.

Shangazi yako,
Zamda